Ufuo uliohamia kwenye kibao: jibu kwa msomaji anayechapa picha za pwani aliyokulia

"Shikamoo, mwalimu. Kwa miaka minne nimekuwa nikichonga vibao vya linoliamu, lile tandiko laini la sakafuni, na kuvitia wino ili kuchapa picha kwenye karatasi, na karibu picha zangu zote ni za ufuo niliokulia, ambao bado naishi karibu nao ingawa haupo tena kama ulivyokuwa. Bahari imekula mchanga, miti mitatu iliyokuwa mbele ya nyumba imeanguka mmoja baada ya mwingine, na mahali tulipokuwa tukivuta mashua pamejengwa ukuta wa mawe. Nachonga kwa kufuatisha picha mbili za zamani kutoka kwenye albamu ya familia. Ili chapa zionekane kuwa kumbukumbu, nimejaribu kuchanganya wino mweusi na mweupe hadi ukawa kijivu, lakini zinatoka kana kwamba zimepakwa chokaa. Watu wanazisifu, wananiambia ni nzuri kama kadi za posta, na neno hilo linaniumiza. Kaka yangu, tuliyekua naye pale, aliitazama ya mwisho kwa muda mrefu, kisha akasema, 'Pazuri, lakini hapa si kwetu,' wala hakuweza kueleza kwa nini. Je, nibadilishe mbinu? Nimesikia habari za kuchonga kibao kimoja kwa hatua hadi kiishe, ila naogopa kukipoteza. Na je, ni haki kuendelea kuchonga ufuo ambao haupo?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeitazama chapa uliyoambatanisha pamoja na picha ya albamu uliyoifuatisha. Naona unauliza mambo matatu yaliyofungwa kamba moja: kwa nini chapa zako zinapendeza bila kusema kweli, kama ujitose katika kuchonga kibao hadi kiishe, na kama una haki ya kuendelea kuuchonga ufuo ambao bahari imeshauchukua. Nitayagusa yote, lakini naomba nianze na kaka yako, kwa sababu yeye ndiye aliyekupa msaada mkubwa kuliko wote waliokusifu, ingawa hakujua anakupa nini.

Weka picha ya albamu na chapa yako kando kwa kando. Katika picha, mti wa mbele umeinamia kulia, na bahari iko kushoto kwa mtu anayeielekea nyumba. Katika chapa, mti umeinamia kushoto na bahari imehamia kulia. Ulinakili picha moja kwa moja juu ya linoliamu, ukachonga kama ulivyoona, na karatasi ilipolazwa juu ya wino ikaipokea picha kinyume, kama uso unavyopokewa na kioo. Mgeni hawezi kuliona hilo, kwa kuwa ufuo uliogeuzwa ni ufuo mzuri vilevile. Kaka yako, hata hivyo, alitembea pale kila siku ya utoto wake. Upepo ulioinamisha mti ule ulimpiga upande mmoja wa uso, na aliporudi nyumbani bahari ilikuwa kwenye bega lake la kushoto. Mwili unaujua upande hata pale ambapo mdomo haupati la kusema, na ndiyo maana alibaki na maneno "hapa si kwetu" bila maelezo.

Usijilaumu. Rembrandt mwenyewe, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, karibu mwaka 1640 alichora mandhari ya mji wa Amsterdam kwenye bamba la shaba kama alivyoyaona, na hadi leo kila chapa ya bamba lile inauonyesha mji huo ukiwa umegeuzwa. Tiba yake ni rahisi. Chora picha yako kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, igeuze uso wake chini juu ya linoliamu, kisha usugue mgongo wa karatasi kwa kijiko. Penseli itahamia kwenye linoliamu ikiwa kinyume, na ukichapa, kinyume cha kinyume kitakurudishia ufuo wenu kama ulivyokuwa. Kwa mandhari ya kubuni mtu anaweza kupuuza jambo hili, lakini kwa mahali penye watu wanaopakumbuka, mimi huliona kuwa la lazima.

Hata ukishalirekebisha hilo, neno la "kadi ya posta" halitaondoka, maana chanzo chake ni kingine. Picha ya albamu inaonyesha nukta moja ya siku moja yenye jua. Haina habari yoyote ya yaliyotokea baadaye, na wewe ukiinakili kwa uaminifu unanakili pia kutojua kwake. Kijivu ulichokiongeza kilikuwa jaribio la kuingiza miaka iliyopita, lakini uliimwaga juu ya picha iliyokwisha kukamilika, na hapo miaka imebaki kuwa rangi tu.

Inasaidia kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Neno nostaljia liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Basel, Uswisi, kwa kuunganisha neno la Kigiriki la kurudi nyumbani na neno la maumivu. Alikuwa anaeleza ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao, na dawa ya uhakika aliyoiona ilikuwa kuwarudisha. Hali yako si hiyo. Wewe hukuondoka; mahali ndipo palipoondoka chini ya miguu yako. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, alitunga neno solastaljia kwa ajili ya uchungu wa namna hiyo hasa, uchungu wa mtu aliyebaki nyumbani huku nyumbani kwenyewe kukibadilika. Natofautisha maneno haya kwa sababu kila moja linadai picha yake. Mwenye nostaljia anaweza kuridhika na picha ya mahali pa kurudia. Wewe, ambaye unapita mbele ya ule ukuta wa mawe kila wiki, picha ya namna hiyo itakuchoma kila utakapoichapa, kwa sababu unajua kwamba inanyamazia jambo.

Sasa tuje kwenye dhana ambayo nadhani imekupotosha zaidi kuliko zote, na wachapaji wengi wanaoanza huikumbatia: kwamba kumbukumbu ni picha iliyofifia, hivyo ili kuionyesha inatosha kufifisha. Kumbukumbu haifanyi kazi hivyo. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walisomeshwa hadithi ngeni kwao, kisha wakatakiwa kuisimulia tena na tena kadiri siku zilivyopita. Hadithi haikufifia kwa usawa. Ilifupika, mambo ya kigeni yakadondoka au yakabadilishwa na ya kawaida, na kipande kimoja au viwili vikabaki na nguvu zake zote. Watafiti waliofuata wameendelea kuonyesha kwamba kukumbuka ni kujenga upya, si kufungua sanduku. Ndiyo kusema kumbukumbu ya zamani huwa kali mno mahali padogo, tupu kabisa mahali pakubwa, na katikati yake kuna mambo tuliyojijazia wenyewe bila kujua.

Habari njema ni kwamba hakuna sanaa inayofaa kwa hali hiyo kuliko kuchonga linoliamu. Kibao hakijui ukungu. Mahali palipobaki juu panachukua wino wote, na mahali palipochongwa panabaki karatasi. Kwa hiyo, kabla ya kugusa patasi tena, funga albamu. Chora ufuo kwa kichwa, bila kuangalia chochote, kwa dakika kumi. Kesho yake rudia kwenye karatasi nyingine bila kutazama ya jana, na siku ya tatu vivyo hivyo. Kisha zitandaze zote tatu. Utaona kwamba kuna kitu mkono wako umekichora kwa namna ileile kila mara, pengine mzizi uliokuwa ukiukalia au pembe ya mashua. Kuna vitu vimebadilika kila siku. Na kuna sehemu uliyoijaza kwa mistari isiyo na maana kwa kuwa hukuwa na la kuweka. Hicho cha kwanza kichonge kwa ukali wote ulio nao. Hizo za mwisho ziondoe kabisa, ubakize karatasi nyeupe, hata kama nyeupe hiyo itachukua nusu ya picha.

Mimi nilifanya zoezi hilo kwa gati la mbao ambalo halipo tena. Nilikumbuka fundo la kamba kwenye nguzo ya pili nyuzi kwa nyuzi, pamoja na kipande chake kilichoanza kuchakaa na kusimama kama nywele, lakini idadi ya nguzo sikuijua. Nilichonga sita. Baadaye nilipata picha inayoonyesha tisa. Nimeziacha sita, na nyuma ya karatasi nimeandika kwamba zilikuwa tisa, kwa sababu vyote viwili ni kweli na sikutaka kimoja kikifute kingine.

Kuhusu chokaa unayoilalamikia, hilo ni jambo la wino na lina sababu yake. Rangi nyeupe ya kisasa hutengenezwa kwa unga unaotawanya mwanga kwa nguvu, na kazi yake ni kufunika. Ukiichanganya na nyeusi unapata kijivu kizito kinachoketi juu ya karatasi kama plasta, tena kinaficha chochote kilicho chini yake. Unachokihitaji ni wino unaopitisha mwanga. Wauzaji wa wino za kuchapia huwa na wino usio na rangi, unaofanana na mafuta mazito ya kujipaka, ambao kazi yake ni kuipunguzia rangi nguvu bila kuifanya nyeupe. Anza na sehemu moja ya rangi kwa sehemu nne au tano za wino huo, ujaribu kwenye kipande cha karatasi ileile utakayotumia. Ukitandaza tabaka mbili za namna hiyo moja juu ya nyingine, ya chini itaendelea kuonekana kupitia ya juu, na kwa mtu anayechapa picha ya miaka iliyopandana huo ni utajiri mkubwa. Badala ya nyeusi tupu jaribu buluu nzito iliyoguswa na kahawia kidogo. Kijivu chake kina uhai ambao mchanganyiko wa nyeusi na nyeupe hauupati.

Kuna jambo jingine huenda umekuwa ukilitupa kama uchafu. Baada ya kuchapa nakala ya kwanza, wino haujaisha kwenye kibao. Ukilaza karatasi nyingine bila kutia wino upya na kusugua kwa nguvu zaidi, utapata picha hafifu, yenye mapengo pale ambapo karatasi ya kwanza ilichukua wino wote. Mimi huiita chapa kivuli. Edgar Degas, mchoraji wa Ufaransa, alikuwa akifanya hivyo katika chapa zake za wino uliopakwa kwenye bamba laini; alitoa ya pili iliyopauka, kisha mara nyingi akaifanyia kazi kwa pasteli, yaani chaki za rangi. Weupe wa chapa kivuli ni tofauti na weupe wako wa chokaa kwa sababu umetokana na wino kuondoka, na jicho linaitambua tofauti hiyo hata kama mtazamaji hajui jinsi ilivyofanywa. Tahadhari moja: wino wa maji hukauka upesi mno kwa kazi hii. Tumia wa mafuta, na karatasi ya pili iwe tayari mkononi kabla hujainua ya kwanza.

Sasa lile linalokuogopesha. Kuna mbinu mbili ambazo watu huzichanganya, na naona umesimuliwa zote kama moja. Ya kwanza ni kupunguza kibao kwa ajili ya rangi. Unachonga kidogo, unachapa rangi nyepesi kwenye karatasi zote; unachonga zaidi, unachapa rangi ya pili juu yake; hivyo hadi rangi nzito ya mwisho, na wakati huo kibao kimebaki vipande vichache. Mchoraji Picasso aliitumia sana mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika mbinu hii kibao kinapotea, lakini picha kwenye karatasi inazidi kujaa, maana kila kilichochongwa kimeshaacha rangi yake nyuma. Ya pili ni kuchapa kwa hatua: unachonga picha kamili, unachapa nakala kadhaa, unaondoa kitu kwenye kibao, unachapa nakala nyingine kwenye karatasi mpya, unaondoa tena. Hapa kibao kinapotea na picha inapotea pamoja nacho.

Kwa ufuo wako mimi nachagua ya pili, na sababu yake si urembo. Bahari haikuongeza kitu pale, ilitoa. Patasi nayo hutoa tu, haiwezi kurudisha. Mti ukishaondolewa kwenye linoliamu hakuna wa kuusimamisha tena, na utashangaa jinsi mkono unavyositasita kabla ya kuukata, hasa mti wa mwisho. Huko kusitasita kutaingia kwenye mstari. Mbinu ya kwanza ni nzuri, lakini inadai upange rangi zote mapema, na kosa dogo katika tabaka la tatu linaharibu karatasi zote kwa pamoja. Kwa mtu ambaye bado anatafuta cha kusema, naiona kuwa ngumu bila faida.

Unaweza pia kuziunganisha hatua na chapa kivuli, na hili ndilo ningependa ulijaribu kabla ya yote. Chonga kibao kamili chenye miti mitatu, mashua na nyumba, ukichape. Mara tu baada ya kila nakala, toa chapa kivuli kwenye karatasi nyingine, uzitundike zikauke. Kwa wino wa mafuta zipe siku mbili tatu, au zaidi ikiwa hewa ina unyevu. Kisha ondoa mti wa kwanza kwenye kibao. Tia wino upya kwa nguvu yake kamili, na uchape hatua hii ya pili juu ya zile chapa kivuli. Kila kilichobaki ufuoni kitafunikwa na wino mpya na kuonekana imara. Mti ulioondoka peke yake hautakuwa na wa kuufunika, nao utasimama pale ukiwa hafifu, kwenye nafasi yake ileile, nyuma ya vitu vilivyo hai. Hutahitaji kijivu cha aina yoyote. Endelea hivyo kwa mti wa pili, wa tatu, kisha mashua.

Ili jambo hilo lifaulu, karatasi lazima irudi mahali palepale kila mara. Gundisha vipande viwili vya kadibodi ngumu kwenye ubao vikifanya pembe mraba, kibao kikae humo bila kucheza. Kisha weka pembe nyingine ya nje inayopokea kona ya karatasi. Tumia karatasi kavu, maana iliyoloweshwa hutanuka, ikikauka hunywea, na mti wako kivuli utajikuta umehama. Wino usiwe mwingi. Sikiliza rola ya kupakia wino inapopita: ikitoa sauti ya kunata, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi, umezidisha, ikinong'ona kama mvua nyepesi juu ya majani, chapa.

Utakapoondoa mti, usifanye kama tulivyofundishwa. Mafundisho ya kawaida ni kuchimba chini na kusafisha, ili nyeupe iwe nyeupe. Hapa pitisha patasi yenye mdomo wa mviringo kwa kina kidogo, ukifuata upande uliouangukia mti wenyewe. Kati ya mfereji na mfereji patabaki vigongo vyembamba vya linoliamu, na rola itavigusa. Kwenye karatasi vitatoka kama mistari iliyokatikakatika, michache, yote ikielekea ulikoangukia. Mwalimu mkali atakuambia hayo ni makosa ya usafi, na kwa picha nyingine angekuwa sahihi. Nikiwaza mabaki ya namna hii huwa nakumbuka bamba la shaba la Hercules Segers, mchapaji wa Uholanzi wa mwanzoni mwa karne ya 17, lililomwonyesha Tobia, kijana wa kisa cha Biblia, akiwa na malaika. Bamba lilifika mikononi mwa Rembrandt, naye akawafuta watu wale akaweka mahali pao familia ya Yesu ikikimbilia Misri. Hakufuta yote. Ukitazama kwenye miti iliyo nyuma ya wasafiri, alama za bawa kubwa la malaika bado zimo kati ya majani.

Na ukiogopa bado kukipoteza kibao, kuna kinga. Kabla ya kila hatua toa nakala moja safi kwenye karatasi nyembamba, na wino wake ukiwa haujakauka, ilaze uso chini juu ya kipande kipya cha linoliamu, usugue. Picha itahamia pale ikiwa kinyume kama ilivyo kwenye kibao chenyewe, nawe unaweza kuichonga upya siku ukihitaji. Nakuambia hili ili moyo utulie. Kati ya wachapaji niliowafundisha kinga hii, wachache mno waliwahi kukichonga kile kibao cha akiba.

Jambo moja kuhusu ufuo wenyewe, kwa kuwa chapa ya mahali panapobadilika inataka ushahidi mzuri. Usilinganishe picha ya albamu na ufuo wa leo kabla hujajua maji yalikuwa wapi siku ile. Kupwa na kujaa kunafuatana kwa takribani saa sita na dakika chache, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hupanda juu zaidi na kurudi mbali zaidi kuliko wakati wa maji mafu. Ukichora mchana wa kujaa ukalinganisha na picha ya kupwa, utaiona bahari kuwa imekula mita nyingi ambazo kwa kweli imezifunika tu kwa saa chache. Tena mchanga huhama kwa majira: mawimbi makubwa huuvuta na kuulaza chini ya maji, na mawimbi ya utulivu huurudisha. Chagua jiwe au kona ya ukuta isiyohama, simama hapo kila bamvua maji yakiwa yamekupwa kabisa, uchore. Mwaka mzima wa michoro hiyo utakuonyesha kipi ni pumzi ya ufuo na kipi ni hasara.

Na huo ukuta wa mawe, uchonge. Nimeona umeuacha nje ya chapa uliyonitumia, na nadhani hapo ndipo kadi ya posta inapoanzia. Ukuta ni sehemu ya kisa: wimbi linaloupiga halifi kama linavyofia kwenye mteremko wa mchanga, linarudishwa na nguvu zake, na aghalabu linachimba mchanga ulio mbele ya ukuta na kunyima ufuo wa jirani. Bahari nayo imepanda. Wastani wa usawa wake duniani uliongezeka kwa takribani sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Uchonge ukuta kwenye kibao chake cha pekee, kwa mistari iliyonyooka inayokinzana na mistari mingine yote, uulete katika hatua ya mwisho tu, juu ya vivuli vya miti. Hilo pia ndilo jibu langu kwa swali lako la haki. Si kosa kuchonga ufuo ambao haupo, mradi chapa isimwambie mtazamaji kwamba upo.

Katika kuhesabu nakala kuwa mkweli vilevile. Chapa zilizofanywa kwa njia hii hazifanani, hivyo usiziandike kana kwamba ni toleo moja. Andika kwa penseli chini ya picha namba ya hatua, kisha namba ya nakala ndani ya hatua hiyo, na anayenunua aelezwe.

Yapo mambo ambayo sitaki uyajaribu kwa kusoma peke yake. Ukivutiwa na mabamba ya chuma, asidi zake na unga wa ulimbo unaotumiwa kupatia vivuli vina hatari ya kweli kwa macho na mapafu, na unga huo ukiwa hewani huweza kulipuka karibu na moto. Jifunze katika karakana yenye mwalimu na hewa ya kutosha, ukiwa umesimama kando yake. Kama picha zile mbili za albamu zimegandamana na plastiki au kioo, usizibandue. Zipige picha kama zilivyo, kisha zipeleke kwa mhifadhi wa nyaraka azishughulikie kwa mikono yake. Na kama kazi hii inakunyima usingizi, au unajikuta huwezi kupita ufuoni bila kifua kubana kwa siku nyingi mfululizo, tafuta mshauri wa mambo ya huzuni uzungumze naye ana kwa ana. Kupoteza mahali ni msiba, ingawa hapawekwi matanga, na patasi haiwezi kuubeba peke yake.

Kwa leo usichonge kitu. Chukua chapa ile ya mwisho, isimamishe mbele ya kioo, kisha mwite kaka yako aitazame humo ndani bila kumweleza sababu. Akinyamaza kwa muda mrefu kama mara ya kwanza, mpe penseli akuonyeshe pale mashua ilipokuwa ikilala, na uniandikie alipoweka alama.